Wingi wa sayari hautoshi: tujadili kwa kina uwezekano wa uhai nje ya Dunia

MLETA MADA

Salamu kwenu wadau.

Mijadala ya uhai katika sayari nyingine haikawii kufika kwenye hoja moja: nyota ni nyingi mno, sayari nazo ni nyingi mno, kwa hiyo haiwezekani tukawa peke yetu. Mimi nami naelekea kuamini kwamba uhai upo kwingineko. Hata hivyo, nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona hoja hiyo ya wingi imetwishwa mzigo isioweza kuubeba, na kwa sababu ushahidi wa kweli, kama utapatikana, nadhani utatoka ndani ya Mfumo wetu wa Jua, wala si katika zile nyota za mbali ambazo vyombo vya habari huzipenda zaidi.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza kugundua sayari inayoizunguka 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua letu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Leo sayari zilizothibitishwa nje ya Mfumo wa Jua zimepita 6,000, na sehemu kubwa ya hizo ziligunduliwa na darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009 ili kupima jinsi mwanga wa nyota unavyofifia pale sayari inapopita mbele yake. Wanaodhani kazi hiyo ni nyepesi wakumbuke kwamba sayari yenye ukubwa wa Dunia, ikipita mbele ya nyota yenye ukubwa wa Jua, hupunguza mwanga wake kwa kiasi kisichofika sehemu moja katika 10,000.

Viambato vya uhai navyo havina uhaba. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na aina zaidi ya 70 za asidi amino. Septemba 2023 chombo cha OSIRIS-REx kilileta Duniani sampuli za asteroidi Bennu, na matokeo yaliyotangazwa Januari 2025 yalionyesha kwamba ndani yake mna asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbehai kujengea protini, pamoja na besi zote tano zinazounda DNA na RNA, molekuli zinazobeba taarifa za urithi. Lakini matofali hata yakizagaa kila mahali hayathibitishi kwamba kuna nyumba iliyojengwa.

Hapo ndipo hoja ya wingi inapokwama. Idadi ya sayari zenye uhai hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: idadi ya sayari zinazofaa, na uwezekano wa uhai kuanza wenyewe katika sayari moja inayofaa. Namba ya kwanza tunaijua kwa makadirio yasiyo mabaya, kwa kuwa galaksi yetu pekee ina nyota zaidi ya bilioni 100. Namba ya pili hatuijui kabisa. Ikiwa uwezekano huo ni mmoja katika milioni, basi galaksi yetu imejaa uhai. Ikiwa ni mdogo kiasi kwamba hata nyota zote tunazoweza kuziona katika ulimwengu hazitoshi kuutimiza mara mbili, basi tuko peke yetu, na anga lingeonekana vilevile linavyoonekana leo usiku. Kuitaja namba ya kwanza kwa sauti kubwa hakutusaidii kuijua ya pili.

Karibuni kwa hoja.

NYOTA YA KUSINI

Ahsante mleta mada kwa kuliweka jambo hili kwa mpangilio. Nina pingamizi moja. Unasema hatujui lolote kuhusu ile namba ya pili, ilhali Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5, na miamba ya Australia Magharibi ina alama za koloni za bakteria zenye umri wa karibu miaka bilioni 3.5. Maana yake uhai ulianza mapema, muda si mrefu baada ya sayari kupoa. Jambo linalotokea mapema kiasi hicho, likipata nafasi yake ya kwanza, haliwezi kuwa gumu sana kutokea. Je, huo si ushahidi?

MLETA MADA

Mkuu, hiyo ndiyo hoja bora kuliko zote za upande wa matumaini, na siipuuzi. Ila ina upungufu ambao husahaulika. Kutoka kwenye bakteria wale wa kwanza hadi kwenye kiumbe anayeweza kuuliza swali hili imepita miaka takriban bilioni 3.5. Jua letu nalo linazidi kung'aa taratibu, na inakadiriwa kwamba baada ya miaka kama bilioni moja ijayo joto lake litaifanya Dunia isikalike. Sasa fikiria sayari ambayo uhai wake ulichelewa kuanza kwa miaka bilioni mbili au tatu: huko asingepatikana mtu wa kuchimba miamba na kujiuliza. Kwa hiyo sisi tulio hapa ni lazima tujikute katika sayari ambayo uhai uliwahi, hata kama kwa jumla uhai ni tukio adimu mno. Mfano wetu mmoja umekuja ukiwa umekwisha kuchujwa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba tunachohitaji ni mfano wa pili. Tukipata sehemu nyingine moja tu ambako uhai ulianza wenyewe bila uhusiano na wetu, na ikiwa sehemu hiyo iko katika Mfumo huuhuu wa Jua, basi hesabu inageuka papo hapo, kwa kuwa haielekei kwamba jambo adimu mno litokee mara mbili kwa majirani wawili.

MDADISI

Mimi ni mgeni kidogo katika mambo haya, nanyi mnisahihishe. Aprili 2025 zilienea habari kwamba darubini ya James Webb imeona dalili za uhai kwenye sayari iitwayo K2-18b. Mbona mleta mada hakuitaja kabisa? Au ndiyo hayo ya vyombo vya habari aliyoyasema?

MLETA MADA

Karibu sana, Mdadisi. Sikuitaja kwa makusudi, nikijua kwamba itaulizwa.

K2-18b iko umbali wa miaka ya nuru 124. Uzito wake ni zaidi ya mara nane ya uzito wa Dunia na kipenyo chake ni kama mara mbili na nusu ya chake. Mwaka 2023 James Webb ilithibitisha kuwapo kwa methani na kaboni dioksidi katika angahewa yake. Kisha, mwaka 2025, kundi la watafiti linaloongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge likaripoti dalili za dimethili salfaidi au gesi ya jamii hiyo, ambayo hapa Duniani hutolewa zaidi na planktoni wa baharini.

Matatizo ni matatu, na sioni kwamba yana uzito sawa. La kwanza ni la takwimu: uwezekano kwamba dalili ile ilijitokeza kwa bahati tu ulikadiriwa kuwa asilimia 0.3, kiwango ambacho hakitoshi kuitwa ugunduzi, na makundi mengine yaliyochambua upya data hizohizo hayakuridhika kwamba dalili ipo. Hilo linaweza kuondoka kwa vipimo zaidi. La pili ni kwamba hatujui sayari yenyewe ni ya namna gani, kama ina bahari chini ya angahewa ya hidrojeni, au ni tufe la gesi nzito na joto lisiloweza kukalika.

La tatu ndilo linalonifanya nisiwe na haraka. Gesi hiyohiyo imetambuliwa katika data za chombo cha Rosetta kilichoitembelea nyotamkia 67P, na imetengenezwa maabara kwa kumulika mchanganyiko wa gesi za kawaida kwa mwanga wa urujuanimno, bila kiumbehai yeyote kuhusika. Kwa hiyo hata ikithibitishwa kwa asilimia mia kwamba gesi ipo, bado tutakuwa hatujajibu swali la nani au nini kimeitengeneza.

HADUBINI

Nami naomba kuongezea hapo. Desemba 1990 chombo cha Galileo, kikiwa njiani kwenda Mshtarii, kilipita karibu na Dunia, na mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake wakatumia nafasi hiyo kujiuliza kama vipimo vyake pekee vingetosha kugundua uhai hapa kwetu. Kilichowashawishi hakikuwa gesi moja. Kilikuwa oksijeni nyingi pamoja na methani, gesi mbili ambazo hazikai pamoja muda mrefu kwa sababu huteketezana, na kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachozizalisha upya mfululizo. Pia waliona namna nchi kavu inavyofyonza mwanga mwekundu, tabia ya mimea, na mawimbi ya redio yasiyo na chanzo cha asili kinachojulikana.

Lakini tukumbuke kwamba oksijeni ilianza kujaa katika angahewa ya Dunia miaka takriban bilioni 2.4 iliyopita. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka bilioni moja, Dunia ilikuwa na uhai tele, na mtazamaji wa mbali aliyekuwa akitafuta oksijeni angeipita akidhani ni sayari mfu.

MDADISI

Na Mirihi je? Nimewahi kusoma kwamba uhai uligunduliwa huko tangu zamani, kisha ukakanushwa. Ni kweli, au ni uvumi?

MLETA MADA

Si uvumi, ingawa neno "uligunduliwa" ni kubwa mno. Kisa chenyewe nakieleza kwa urefu, kwa sababu sijui kingine kinachofundisha vizuri zaidi jinsi kazi hii ilivyo ngumu hata pale unapokuwa umeushika udongo wenyewe.

Mwaka 1976 Marekani ilitua vyombo viwili juu ya Mirihi, Viking 1 mwezi Julai na Viking 2 mwezi Septemba, katika maeneo yaliyo mbali sana moja na jingine. Kila kimoja kilibeba maabara ndogo yenye majaribio matatu ya kibiolojia. Jaribio lililozua utata liliongozwa na mhandisi Gilbert Levin. Mkono wa chombo ulichota udongo, ukautia ndani ya kijichumba kilichofungwa, kisha udongo ukadondoshewa maji kidogo yenye virutubisho ambavyo kaboni yake ilikuwa na alama ya mnururisho. Mantiki yake ilikuwa rahisi: kukiwa na vijidudu, vitakula, na vikila vitatoa gesi yenye kaboni hiyo, nayo itapimika.

Gesi ilitoka. Ilitoka kwa kasi, na katika vyombo vyote viwili. Udongo mwingine ulipopashwa kwanza hadi nyuzi 160 za Selsiasi kwa saa tatu, kisha ukapewa virutubisho vilevile, gesi haikutoka, jambo ambalo ndilo ungelitarajia kama joto limeua kitu kilicho hai. Kwa vigezo vilivyokuwa vimekubaliwa kabla ya safari, hayo yalikuwa matokeo chanya.

Halafu mambo yakaharibika. Udongo ulipoongezewa virutubisho mara ya pili, haukutoa gesi mpya, ilhali vijidudu vilivyokwisha kuzaana vingetakiwa kutoa nyingi zaidi. Katika jaribio jingine, udongo ulitoa oksijeni ulipopata unyevu tu, hata kabla ya kupewa chakula. Na chombo kilichokuwa kikichemsha udongo ili kutafuta molekuli za kaboni hakikuona chochote cha maana, isipokuwa alama ndogo za kampaundi za klorini, ambazo zilidhaniwa kuwa mabaki ya dawa za kusafishia vifaa kabla ya safari. Hoja ikafungwa hivi: bila kaboni hakuna miili, na bila miili hakuna uhai. Wengi wakakubaliana kwamba udongo wa Mirihi una kemikali kali inayounguza virutubisho.

Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya kipande kingine kupatikana. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua perkloreti katika udongo wa kaskazini mwa Mirihi. Perkloreti ni chumvi tulivu katika baridi, lakini ikipashwa joto huteketeza molekuli za kaboni zilizo karibu nayo na kuacha kampaundi za klorini zilezile ambazo Viking iliziona. Watafiti walipochanganya perkloreti na udongo wa jangwa la Atacama na kuupasha, kampaundi hizo zilitokea. Kwa maneno mengine, huenda kipimo chenyewe kilikuwa kikiichoma kaboni kilichotumwa kuitafuta. Baadaye gari la Curiosity lilithibitisha kwamba molekuli za kaboni zimo katika miamba ya tope la kale ndani ya bonde la Gale.

Je, hilo linamrudishia Levin ushindi? Kwa maoni yangu, hapana. Linaiondoa hoja moja iliyompinga, lakini haliondoi tatizo la udongo uliokataa chakula mara ya pili. Levin mwenyewe alishikilia msimamo wake hadi mwisho wa maisha yake, na jaribio lake halijawahi kurudiwa juu ya Mirihi. Hilo la mwisho nimelishangaa siku zote.

HADUBINI

Tusisahau jiwe la Cheyava Falls, la hukohuko Mirihi. Julai 2024 gari la Perseverance, katika mkondo wa mto wa kale ulioingia bonde la Jezero, lilikuta jiwe lenye madoa mepesi yaliyozungushiwa kingo nyeusi, mfano wa madoa ya chui. Utafiti uliochapishwa Septemba 2025 ulieleza kwamba madoa hayo yanaelekea kuwa na madini ya vivianiti na greigiti, ambayo Duniani mara nyingi hutengenezwa na vijidudu vinavyopata nishati kutoka kwenye chuma na salfa. Njia zisizo za uhai zipo pia, lakini nyingi huhitaji joto kali au asidi, na jiwe lile halionyeshi dalili za kuwahi kupashwa hivyo.

MLETA MADA

Ni kweli, na mimi naliona kuwa dalili bora kuliko zote zilizowahi kutoka Mirihi. Sampuli yake imeshafungwa ndani ya mrija, ila mpango wa kuileta Duniani umekwamishwa na gharama.

Lakini hata ikija, na hata wote wakikubaliana kwamba ni masalia ya uhai, Mirihi ina tatizo lake la pekee. Tumekwisha kukusanya hapa Duniani mamia ya vimondo vilivyotoka huko, vikiwa vimerushwa angani na migongano ya kale. Mmoja wao, ALH84001, uliookotwa Antaktika mwaka 1984, ndio uliozua tangazo maarufu la Agosti 1996 kuhusu visukuku vya bakteria, tangazo ambalo wataalamu wengi hawakulikubali baada ya kila dalili yake kupatiwa maelezo ya kikemia. Ikiwa mawe husafiri kati ya sayari hizi mbili, vijidudu navyo huenda vilisafiri ndani yake. Uhai wa Mirihi unaweza kuwa ndugu yetu wa damu, na ndugu hahesabiwi kuwa mfano wa pili.

Ndiyo sababu macho yangu yako kwenye Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiligundua kwamba nyufa za ncha yake ya kusini hurusha angani chembechembe za barafu na mvuke, na baadaye ikathibitika kwamba chini ya ganda la barafu kuna bahari ya maji ya chumvi. Cassini ilipita katikati ya mvuke huo na kuuonja moja kwa moja. Ilikuta chumvi, molekuli za kaboni, na chembe ndogo za silika za aina inayojitengeneza pale maji ya moto yanapokutana na mwamba. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba mna hidrojeni, ambayo pamoja na kaboni dioksidi huwapa vijidudu fulani vya kina cha bahari zetu nishati yote wanayohitaji bila mwanga wa Jua. Mwaka 2023 uchambuzi mpya wa data za zamani ukaonyesha fosfati, kiambato ambacho wengi walihofia kwamba kingekuwa haba.

Cassini iliondoka Duniani mwaka 1997, wakati hakuna aliyejua kuhusu bahari hiyo, na vifaa vyake havikuundwa kutafuta uhai. Ilipokaribia kuishiwa mafuta, Septemba 2017, iliangamizwa kwa makusudi ndani ya Zohali ili isije ikaangukia mwezi huo na kuuambukiza vijidudu vyetu.

NYOTA YA KUSINI

Nimekuelewa, mleta mada, na nimelegeza msimamo kidogo. Swali langu la mwisho ni hili: chombo kikifika huko, kitakuta molekuli, hakitakuta samaki. Ni molekuli gani itakayokuridhisha wewe, baada ya kuzikataa nyingine zote?

MLETA MADA

Swali la haki kabisa. Molekuli moja haitaniridhisha. Uteuzi wa molekuli ndio utakaoniridhisha.

Kemia isiyo na uhai hutengeneza asidi amino kwa wingi unaofuata urahisi: zile ndogo, hasa glisini, huwa nyingi, na kadiri molekuli inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokuwa adimu. Viumbehai hawafuati urahisi. Hutengeneza kwa wingi molekuli kubwa na ghali kwa sababu wanazihitaji, na huziacha nyingine ambazo zingepatikana bila shida.

Kisha kuna suala la mkono. Asidi amino nyingi huja kwa maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kushoto na wa kulia. Kemia ya kawaida huzitengeneza nusu kwa nusu, na zile za Bennu zilikutwa karibu sawa. Protini za viumbehai wote wa Duniani hujengwa kwa zile za kushoto. Kwa kuwa baadhi ya vimondo, ukiwamo wa Murchison, vimekutwa na ziada ndogo ya upande wa kushoto, ziada pekee haitoshi. Ninachotaka kuona ni upande mmoja ukitawala karibu kabisa, katika asidi amino kadhaa kwa pamoja, zikiwa na ule mgawanyo usiofuata urahisi.

Chombo cha Europa Clipper, kilichoondoka Oktoba 2024 na kinachotarajiwa kufika kwenye Mshtarii mwaka 2030, kitapita karibu na Europa, mwezi wa sayari hiyo, mara 49, lakini kimeundwa kupima kama mazingira yanafaa uhai, si kuutafuta wenyewe. Shirika la Anga la Ulaya linafikiria safari ya Enceladus kwa miaka ya 2040. Chombo kama hicho kikikuta upande wa kushoto ukitawala, nitakubali kwamba ni uhai, na mjadala wa undugu utaendelea, ingawa kwa uzito mdogo kuliko Mirihi, kwa sababu mawe ya kutoka Dunia ni machache mno yanayoweza kufika Zohali. Kikikuta upande wa kulia ukitawala, undugu utakuwa umekwisha hapohapo, na ile namba ya pili niliyoilalamikia tangu mwanzo wa uzi itakuwa imepata kipimo chake cha kwanza.